Saa Mbili ya Nani? Kiswahili, Programu Huria na Safari za Angani

Aghalabu kurasa hizi huzungumzia ngeli, ushairi, fasihi simulizi na malalamiko yetu ya kila muhula kuhusu insha. Safari hii tumeonelea tuziazime kwa jambo ambalo kwa haraka mtu angesema halituhusu sisi watu wa lugha, yaani programu za kompyuta zinazotumika kupanga na kuchanganua safari za vyombo vya anga. Tunaomba mtuvumilie. Jambo lenyewe lilitujia kwa mlango wa tafsiri, na likatufikisha mahali ambapo hatukutarajia: kwenye swali kwamba saa mbili asubuhi ni saa ngapi.

Wengi wenu mtakumbuka kuwa Uganda ilipata setilaiti yake ya kwanza mwaka 2022. Iliitwa PearlAfricaSat-1. Ilikuwa kijisanduku chenye sentimita 10 kila upande, kilichotengenezwa na wahandisi wetu watatu, Edgar Mujuni, Bonny Omara na Derrick Tebusweke, walipokuwa wakisoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Ilirushwa kutoka Wallops, Virginia, tarehe 7 Novemba 2022, pamoja na ZIMSAT-1 ya Zimbabwe, ikapelekwa kwanza kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, na kutoka huko ikaachiliwa tarehe 2 Desemba. Ilibeba kamera ya kupiga picha za ardhi, misitu na maji.

Sasa, katika darasa letu la tafsiri hapa Mbarara tulikuwa na kijana kutoka kambi ya Nakivale. Alikuwa amesoma fizikia miaka miwili huko Bukavu, kwa Kifaransa, kabla ya vita kumtoa. Karatasi zake zilipitia ofisi kadhaa na kurudi zilivyokwenda, kwa sababu zilikuwa za Kifaransa na yeye mwenyewe Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Akaja kwetu kwa kuwa Kiswahili anakimudu, na kwa kuwa, kama alivyosema bila kutuficha, hapakuwa na mlango mwingine. Siku moja tulikuwa tukifasiri habari ya gazeti kuhusu setilaiti hiyo, akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hiyo setilaiti yetu ilikuwa inapita juu ya Nakivale saa ngapi?"

Tuliliona kwanza hilo neno "yetu". Kisha tukaona kwamba hatuna jibu, na kwamba hata lugha ya kulitafutia jibu hatuna. Yeye ndiye aliyetuambia kuwa ipo programu ya kufanyia hesabu hiyo, kwamba haiuzwi, na kwamba tatizo lake ni moja tu: mwongozo wake wote ni wa Kiingereza.

Programu huria ni nini

Programu yoyote ya kompyuta huandikwa kwanza na binadamu kwa maandishi yanayosomeka, ambayo huitwa msimbo chanzo. Baadaye msimbo huo hugeuzwa kuwa kitu ambacho mashine peke yake inakielewa. Anayeuza programu kwa kawaida hukupa hicho cha mashine na kuuficha msimbo, kama mpishi anayekuuzia pilau na kukataa kukuonyesha jikoni. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Neno "huria" hapa lisichanganywe na "bure". Bure ni habari ya mfuko, huria ni habari ya ruhusa, na ruhusa inayotugusa sisi zaidi ni ile ya kufasiri.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilitambua hilo mapema. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux walioufanya pamoja na wataalamu kutoka Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyokuwa na menyu zake zote kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti, kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi. Sisi tuliosoma shahada ya uzamili katika miaka ile tunakumbuka ubishi uliozuka, kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na kama faili "hufunguliwa" au "hufumbuliwa". Ubishi mwingine ulikuwa wa kupoteza muda. Lakini maneno kama pakua, hifadhi na kibodi yametulia katika matumizi, na hakuna tena anayeuliza yalitoka wapi.

Katika safari za anga, programu aliyotutajia kijana wetu inaitwa GMAT. Imetengenezwa na kituo cha Goddard cha shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na washirika wake, na leseni yake ni ile ya Apache, inayoruhusu karibu kila kitu ili mradi usifute jina la mwenye kazi na useme ulipobadilisha. Si mchezo wa kuigiza. GMAT ilitumika kupanga safari ya TESS, darubini iliyorushwa mwaka 2018 kutafuta sayari zinazozunguka nyota za mbali. Ipo pia Orekit, iliyoanzia Ufaransa mwaka 2002 na kufanywa huria mwaka 2008, ambayo ni maktaba ya msimbo kwa ajili ya waandishi wa programu. Na ilikuwapo poliastro, kazi ya kujitolea iliyoandikwa kwa lugha ya Python, ambayo watunzaji wake waliifunga mwaka 2023. Msimbo wake ungali unasomeka na anayetaka anaweza kuuendeleza. Programu ya kuuzwa ikifungwa, huzikwa na funguo zake.

GMAT inakaa katika kompyuta ya kawaida ya Windows, Linux au Mac, na ikishapakuliwa inafanya kazi bila intaneti. Kwa Nakivale hilo si jambo dogo. Tuliipakua Mbarara, tukaiweka katika diski ndogo ya mfukoni, tukaondoka nayo.

Namba sita

Ukiifungua programu unakuta upande wa kushoto mti wa vitu: chombo chenyewe, injini zake, nguvu zinazokivuta, picha utakazotaka kuona. Mti wa pili una mpango wa safari, yaani nini kitokee kwanza na nini kifuate. Mti wa tatu ni wa matokeo. Ukibonyeza tu bila kubadili kitu, inakuchorea dunia yenye mstari wa njia ya chombo kuizunguka, na ramani bapa inayoonyesha sehemu za ardhi ambazo chombo kimepita juu yake.

Je, kompyuta inajuaje chombo kitakuwa wapi kesho? Simama juu ya kilima cha Nyamitanga urushe jiwe kwa usawa. Litakwenda mbele kidogo huku likianguka. Rusha kwa nguvu zaidi, litaangukia mbali zaidi. Sasa chukulia kwamba unalirusha kutoka juu kabisa, ambako hewa imekwisha, kwa mwendo mkali kiasi kwamba kila likianguka kidogo, uso wa dunia nao umeshajipinda kulikimbia. Halitafika chini. Setilaiti ni jiwe linaloanguka siku zote bila kufika. Kwenye kimo cha kilomita 400 mwendo unaotakiwa ni kama kilomita 7.7 kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua dakika 92 na nusu hivi, mizunguko kati ya 15 na 16 kwa siku. Kutoka Mbarara hadi Nakivale, njia inayokula zaidi ya saa nzima katika taksi iliyojaa magunia, setilaiti huimaliza kabla hujahesabu hadi kumi.

Kwa kuwa kuanguka huko kunafuata kanuni, ukijua hali ya chombo kwa wakati mmoja unaweza kuipiga hesabu kwa wakati mwingine wowote. Hali hiyo huelezwa kwa namba sita. Mbili zinaeleza ukubwa na umbo la njia: nusu ya kipenyo chake kirefu, na kiasi ambacho duara limerefuka likawa duaradufu. Tatu zinaeleza namna njia hiyo ilivyolazwa angani, na kati ya hizo iliyo rahisi kuelewa ni mwinamo, pembe kati ya njia ya chombo na Ikweta. Ya sita inasema chombo kiko sehemu gani ya njia wakati huo.

Mwinamo tuufafanue kwa mifano ya kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Mwinamo wake ulikuwa digrii 3 tu, kwa hiyo ilizunguka ikiambaa na Ikweta, haikutoka nje ya ukanda wetu. PearlAfricaSat-1, kwa kuwa iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa, ilirithi mwinamo wa kituo hicho, digrii 51.6, ikawa inapanda hadi karibu na London na kushuka hadi ncha ya Amerika ya Kusini, na kwetu inapita kama mgeni mwenye haraka. Setilaiti ndogo za namna hiyo hazidumu. Kwenye kimo hicho bado kuna hewa nyembamba sana inayozikokota, zikashuka polepole, mwishowe zikaungua.

Maneno

Hapo ndipo kazi yetu ilipoanza. Tuliligawia darasa kurasa za mwongozo, kila kikundi sura moja, na baada ya wiki mbili tukakutana.

Neno la kwanza kutugawanya lilikuwa la hiyo njia yenyewe. Wengine walileta "mzingo". Ni neno zuri, lina sauti ya kuzunguka, ila shuleni mtoto ameshafundishwa kuwa mzingo ni urefu wa kuzunguka umbo, na mwalimu wa hesabu atatulaani. Mmoja akaleta "falaki", na hapa tulisita kwa muda mrefu. Katika Kiarabu neno hilo linataja hasa njia ya nyota na sayari. Lakini lilipofika pwani likahama, likawa elimu ya nyota, kisha likawa jambo la watu wanaopigiwa falaki ili waambiwe kama wataoa. Kulirudisha kwenye maana yake ya asili kungekuwa kama kumwamuru mzee wa miaka 80 arudi darasa la kwanza. Tukachukua "obiti", ambayo kamusi zetu zinalo na haligombani na mtu.

La pili ni lile ambalo Kiingereza hutumia kwa safari ya chombo cha anga. Kikundi kimoja kiliandika "misheni" kila mahali. Kwa msomaji wa Mbarara misheni ni Nyamitanga, kanisa kuu, masista na hospitali. Msomaji mwingine wa mjini atadhani mnaongelea mishe za kutafuta pesa. Tulichagua "safari", na tunaona tulipatia, maana Kiswahili ni lugha ya watu wa safari. Neno "chombo" lenyewe, kabla ya kupanda angani, lilikuwa jahazi. Mabaharia waliolisema walijua Kilimia inachomoza lini na walisoma njia kwa nyota, hivyo hatulazimishi kitu tunapolipeleka huko juu.

La tatu liliangusha darasa kwa kicheko. GMAT ina amri ya kusogeza hali ya chombo mbele katika wakati, na Kiingereza chake ni "propagate". Kamusi ukiiuliza inakupa eneza, sambaza, zalisha. Mwanafunzi mmoja mwaminifu kwa kamusi yake akaandika: "Zalisha setilaiti kwa siku moja." Mwenzake akauliza zitakuwa ngapi ifikapo Jumatatu. Tukakubaliana "endesha mbele", na somo la siku ile kuhusu kutofasiri neno kabla ya kuuliza linafanya kazi gani lilijifundisha lenyewe.

Hata hivyo tuseme wazi tuliloamua baada ya mabishano: amri zenyewe hatukuzifasiri. Katika GMAT mtu huandika hati ya amri, mstari kwa mstari, na programu huzisoma kama zilivyo. Ukiandika "unda" mahali pa amri yake ya kuunda chombo, itakukatalia. Kubadili hilo kunataka kuingia ndani ya msimbo, na matokeo yake hati iliyoandikwa Nakivale isingesomeka Nairobi. Fundi wa bodaboda anasema gia, klachi na breki, na pikipiki inatengenezeka. Lakini programu inaacha nafasi mbili ambazo ni zetu kabisa. Majina ya vitu unajipangia mwenyewe, na chochote kinachofuata alama ya asilimia katika mstari ni maelezo ya binadamu, kompyuta inayaruka. Hivyo chombo chetu cha mazoezi tulikiita Lulu, na kila mstari tukauwekea maelezo ya Kiswahili kando yake. Ukiisoma hati hiyo kwa sauti unasikia lugha mbili zikipokezana, kama abiria wa stendi ya Mbarara.

Jumamosi ya Nakivale

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika: ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi kutoka Rwanda. Leo utakuta Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Sokoni Base Camp lugha inayowavusha ni Kiswahili, ingawa si kile cha mitihani yetu. Tunawashauri wanafunzi wa isimujamii waende huko wakiwa na daftari na masikio, na waache kalamu nyekundu nyumbani.

Tulifika na kompyuta nne. Chumba tulichoahidiwa kilikuwa kimefungwa na mwenye ufunguo alikuwa kwenye mazishi, basi tukakaa chini ya turubai la duka, kompyuta zikila betri. Walikuja vijana wa sekondari, walimu wawili Wakongo, mama mmoja mshonaji aliyesema amekuja kusikiliza tu, na wazee kadhaa. Tulipotaja setilaiti, kijana mmoja akamwelezea mwenzake kwa Kiswahili cha Kivu kuwa ni "ndeke ya juu sana, haina rubani". Mzee mmoja Mnyarwanda akasema kwao hawana haja ya neno la kuazima, wanaita icyogajuru. Akalifungua: ni kitu kinachoogelea mbinguni. Tulimwonea wivu. Sisi tuna "setilaiti", neno lisilomwambia mtoto chochote, na Kinyarwanda kina picha nzima katika neno moja.

Zoezi lilikuwa hili. Tuliwapa namba sita za Lulu, zilizopangwa ili saa mbili asubuhi ya siku hiyo iwe juu ya Mbarara. Kazi yao ilikuwa kuziingiza, kuandika tarehe na saa, kisha kuendesha mbele siku moja na kuhesabu itapita tena mara ngapi karibu na Nakivale.

Kompyuta ya kwanza ilikataa kabisa. Tulitafuta kosa kwa dakika kumi. Kumbe walimu wetu Wakongo, kwa mazoea ya shule za Kifaransa, walikuwa wameandika mwinamo kuwa 51,6 kwa mkato, na programu inajua nukta peke yake. Ya pili ilikataa tarehe, kwa sababu mwezi inautaka kwa kifupisho cha Kiingereza, na kijana alikuwa ameandika kifupisho cha Kiswahili alichofundishwa na mwalimu mzuri. Hayo yalikuwa makosa mema: programu inakataa, unarekebisha, mnaendelea.

Kosa baya ni lile lisilokataliwa. Kompyuta zote nne hatimaye zikachora, na zote nne zikaonyesha Lulu ikianzia juu ya Bahari ya Hindi, upande wa Maldivi. Namba sita zilikuwa sawa. Tulizikagua mara mbili. Watu wakaanza kusema programu ya bure ndiyo ilivyo.

Kila mmoja alikuwa ameandika 02:00. Saa mbili. Na kila aliyekuwa pale alikubaliana na mwenzake, kwa kuwa saa za Waswahili si za Waswahili peke yao: Mnyankole, Mganda, Mnyarwanda, Msomali na Mwethiopia, wote huanza kuhesabu jua linapochomoza, na kwa wote saa mbili asubuhi ni ile ambayo saa ya mkononi huandika 8:00. Mshonaji, aliyekuja kusikiliza tu, ndiye aliyeuliza: "Mwalimu, lakini hiyo mashine, saa mbili yake ni ya nani?"

Mashine ilikuwa inatumia saa ya dunia, ile ya UTC inayolingana na majira ya Greenwich. Saa ya Uganda iko mbele yake kwa saa 3. Kwa hiyo saa mbili yetu asubuhi ni 8:00 kwa saa ya Uganda, na ni 05:00 kwa saa ya programu. Sisi tuliandika 02:00, tukamwambia Lulu aanze saa 3 kabla ya wakati. Dunia hujizungusha digrii 15 kila saa, kwa hiyo saa 3 mapema ni digrii 45: chini ya chombo, badala ya Mbarara, kulikuwa bado na bahari. Kosa la kilomita 5,000, na hakuna namba hata moja iliyokuwa batili. Mkongo mmoja akaongeza kuwa kwao Bukavu saa iko nyuma ya Uganda kwa saa 1, kwa hiyo hata saa mbili ya mama na saa mbili ya ndugu yake aliyebaki kule si moja. Tulichora safu tatu ubaoni na kuanza upya.

Tuliwasimulia habari ya Mars Climate Orbiter ili wasione haya. Chombo hicho cha Marekani kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa msukumo wa injini kwa vipimo vya Kiingereza vya pauni, na waliopokea wakausoma kama nyutoni. Kilipaswa kupita kwenye kimo cha kilomita 226 juu ya sayari, hesabu za baadaye zikaonyesha kilishuka hadi 57. Wahandisi wale walikuwa na lugha moja ya kusema na lugha mbili za kupimia. Katika miongozo yote tuliyofasiri hakuna ukurasa unaomwonya msomaji kuhusu saa za Kiswahili, na ni haki yao, maana waandishi hawakujua zipo. Sasa ukurasa huo upo, na ndio wa kwanza katika tafsiri yetu.

Tumeulizwa na wenzetu wawili watatu kama ni busara kuwapelekea watu wanaopanga foleni ya chakula habari za obiti. Hatulidharau swali, lakini tunaona limemwelekea asiyehusika. Kijana wetu ana miaka miwili ya fizikia kichwani. Chakula hakimwondolei, na njaa haimwondolei. Kinachoweza kumwondolea ni miaka kumi ya kutoitumia. Wapo pia wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi, na hapa Uganda wengine bado wanakisikia kama lugha ya askari na kambi zao. Hao tunawaalika waje Jumamosi, wasimame nyuma ya kompyuta ya tatu.

Upo ugumu ambao tafsiri haiutibu. Kijana huyo anapanga hesabu kwa Kifaransa, anaifundisha kwa Kiswahili, na akitaka cheti atatahiniwa kwa Kiingereza. Tunamsaidia Kiingereza jioni mbili kwa wiki. Hatujui njia fupi zaidi ya hiyo.

Swali lake la kwanza halikuwa limejibiwa, basi safari ya pili alichagua kilicho angani hadi leo, Kituo cha Kimataifa chenyewe, ambacho NASA hutangaza hadharani hali yake. Aliiingiza katika GMAT, akageuza UTC kuwa saa ya Uganda, na saa ya Uganda kuwa ya Kiswahili, akaandika ubaoni: saa moja na dakika thelathini na nane usiku, kutoka upande wa magharibi. Tulisimama nje ya duka, watu kama thelathini. Dakika ya thelathini na nane haikutokea kitu. Kisha ikaja, nuru isiyowaka wala kuzima, ikapanda juu ya paa na kupita kimya kimya kuelekea ziwani. Ilichelewa kwa sekunde kama arobaini. Kijana alieleza kuwa namba alizotumia zilikuwa za siku tatu nyuma. Mshonaji akataka kwanza tuhakikishe kama saa ya simu yetu ilikuwa sahihi.

Orodha ya istilahi imebandikwa mlangoni mwa ofisi ya idara. "Mwinamo" na "endesha mbele" zimepita. Pale ambapo njia ya chombo inaikata Ikweta ikipanda kaskazini tumeweka "kifundo" kwa muda, na haturidhiki nalo. Mwenye neno bora aliandike chini yake, kwa wino, na lugha alikolitoa.